Wimbo wa Sironka na Tundu la Hedifoni

Wengi wenu mkija kwangu siku hizi mnakuja na prosesa mpya ya gita, kile kifaa cha kupamba sauti, ndani ya begi, bado imevaa ile nailoni ya dukani, na swali kwa nyanya yenu ni lile lile: "Shosh, ninunue waya gani?" Mnauliza kama mtu anayeuliza saizi ya kiatu. Nami nawajibu kwa swali ambalo najua linawaudhi. Waya inatoka tundu gani, na inaenda wapi? Hapo mnaangaliana. Mmoja atasema, "Inaenda kwa spika." Spika gani, mtoto wangu? Ya amplifaya yako mwenyewe, au za kanisa kupitia miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti?

Sina duka tena. Kibanda changu cha Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, sasa kinauza kava za simu. Sikio langu la kulia limekufa na la kushoto linanifanyia kazi kwa hisani tu. Kazi ya kuunga waya na kufunga vyombo vya makanisa nimeiacha, au imeniacha, sijui nani alimwacha mwenzake. Lakini nikiulizwa juu ya waya na matundu ya prosesa, namkumbuka mtu mmoja, Sironka, baba yake Naserian. Alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa gita lake: binti yake asikie mkono wake siku ya kuolewa, akiondoka nyumbani. Hakuusikia. Na katika habari hii hamna mlevi, hamna mwizi, wala mjinga. Waya ilikuwa nzuri na prosesa ilikuwa nzuri. Tundu ndilo halikuwa lake.

Nitafika kwa Sironka. Kwanza niwaambie juu ya Mwaniki, kwa sababu bila yeye hamtaelewa lililotokea.

Fundi Mwaniki ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mfupi, mwenye kikohozi kisichoisha na mdomo mchafu, na alinichukua kwa sababu mkono wangu haukutetemeka nikishika chuma cha kuchomea risasi ya kuungia waya. Hakunisifu hata siku moja. Siku yangu ya kwanza alinipa waya mbili, zote nyeusi, zote na jeki ya gita kila mwisho, akaniambia nichague ya gita. Nikachukua ile nene. Nani hangechukua nene?

"Hiyo ni ya spika," akasema. "Sasa umekaribisha redio kanisani."

Akatoa kisu akazikata zote mbili mbele yangu, jambo lililoniuma maana zilikuwa mpya. Ndani ya ile nene kulikuwa na shaba mbili nono, zimelala uchi pamoja. Ndani ya ile nyembamba kulikuwa na uzi mmoja mdogo, umezungushiwa wavu wa shaba pande zote.

"Sauti ikitoka kwa gita ni mtoto mchanga," akaniambia. "Huwezi kumtoa nje bila koti. Ya spika imeshakula ikashiba, hiyo itatembea na kaptula."

Mkitaka kujua kama alikuwa akitania kuhusu redio, nilikuja kumwona kijana mmoja wa Kware, kule Rongai, aliyeunga gita lake kwa waya ya spika kwa sababu ilikuwa nene na ya kuringia. Ibada ikafika maombi, watu wamefumba macho, na kwenye amplifaya yake mtangazaji akaanza kusema bei ya mbolea. Mchungaji alifungua jicho moja. Wakulima waliokuwepo walifungua yote mawili.

Kwa hivyo msinunue waya kwa unene wala kwa rangi. Fungueni kofia ya jeki mtazame ndani. Risasi iwe imekaa laini, inang'aa, na ule wavu wa shaba uwe umeungwa, si kusokotwa tu. Ikiwa kofia haifunguki, jueni siku ikikatika mtaitupa yote. Halafu ichomekeni kwa gita na mkunje pale shingoni mwa jeki. Ikikatakata, iwekeni chini, na msimwonee haya mwenye duka. Waya ya kutoka kwa gita hadi prosesa iwe fupi kadiri mnavyoweza, kwa sababu ndefu inakula ule ukali wa nyuzi za juu. Ikishatoka kwa prosesa sauti imepata nguvu, inaweza kusafiri.

Lakini ikienda mbali sana, kama kutoka jukwaani hadi kwa miksa iliyo nyuma ya kanisa, tafuteni prosesa yenye tundu la pini tatu, sawa na la maikrofoni. Hapa nisikilizeni vizuri. Waya ya pini tatu inabeba sauti mara mbili. Uzi wa kwanza unaibeba ilivyo, uzi wa pili unaibeba ikiwa imepinduliwa juu chini. Kelele ya njiani, ya taa, ya jenereta, inaingia kwenye nyuzi zote mbili bila kupinduliwa, ikiwa ile ile. Kule mwisho miksa inafanya hesabu ya kutoa: inachukua uzi wa kwanza, inatoa ule wa pili. Chochote kinachofanana kwenye nyuzi zote mbili kinakufa. Kelele inafanana, kwa hivyo inakufa. Sauti yenu haifanani kwa kuwa moja imepinduka, kwa hivyo inabaki, tena na nguvu zaidi.

Mwaniki alinieleza hilo akitafuna mahindi ya kuchoma, na mimi nililiona kuwa jambo la ajabu na zuri. Bado naliona hivyo, ingawa limenikosesha usingizi.

Sironka aliingia dukani kwangu mara ya kwanza na prosesa aliyouziwa na dereva wa lori kule Namanga. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, mrefu, mwenye sauti ya chini, na Jumapili alipiga gita katika kanisa moja huko Kajiado.

"Takwenya, mama," akanisalimu.

"Iko," nikajibu, na hapo Kimaa changu kikaisha.

"Hii kitu imenishinda. Nikiwa nyumbani iko sawa. Nikifika kanisa inalia kama nyuki ndani ya debe."

Nilicheka kwa sababu nilijua ugonjwa wake kabla hajafungua begi. Nyumbani aliiunga kwa amplifaya, kanisani aliiunga moja kwa moja kwa miksa. Ndani ya prosesa mna kitu kinachoiga sanduku la spika ya gita. Ukienda kwa amplifaya halisi, ambayo ina sanduku lake, unakizima. Ukienda kwa miksa unakiwasha, la sivyo utapata nyuki. Ukikiwasha penye amplifaya, umefunika sufuria kwa mifuniko miwili. Nikamwonyesha, akapiga, akafunga macho.

Alirudi baadaye na shida nyingine. Ule mwangwi ambao prosesa inatia kwenye gita ulikuwa unatoka nusu, nusu nyingine imepotea. Nikakuta amechomeka waya moja tu, kwenye tundu la kulia. Nikamwambia, nanyi nawaambia: mkiwa na waya moja, chomekeni tundu la kushoto, lile lililoandikwa mono. Prosesa itajua kuwa hamna waya nyingine, itakusanya sauti yote hapo. Mkigusa na la kulia, itaigawanya, huku nusu, huku nusu.

"Ya kulia nisiguse," akarudia.

"Usiguse kama hutaki kugawanya."

Basi tukawa marafiki. Akipita Kitengela na mbuzi wake angesimama kunywa chai, aninunie nikimwambia gita lake halijasafishwa, aniambie kuwa mbuzi ni bora kuliko wanamuziki maana hawahitaji waya. Naserian alikuwa binti yake wa pekee. Alipokuwa bado anatambaa, Sironka alimtungia wimbo usio na maneno, gita tupu, na akawa anaupiga jioni akirudi kutoka malishoni. Hakuwahi kuupiga kanisani. Alisema huo haukuwa wa Mungu, ulikuwa wa mtoto.

Halafu kidole kikaanza. Aliniambia mwenyewe, akikiangalia kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Kidole ya pete imekataa kukunjika. Nilidhani ni baridi. Sasa hata hii ndogo imeifuata."

Akaenda hospitali, akaambiwa ni mishipa, na kwamba mkono wa kushoto utaendelea kulegea. Hakuna aliyemdanganya. Naserian alikuwa ameshachumbiwa, lakini harusi ilikuwa bado mbali.

Sasa, kwa wale ambao hamkuzaliwa huku. Kwa Wamaasai, msichana akitoka nyumbani kwao siku ya harusi hageuki nyuma. Anatembea polepole, macho chini, na hata akiitwa kwa jina lake hageuki. Wazee wanasema akigeuka atakuwa jiwe. Naserian alikuwa amesoma hadi chuo, lakini alikuwa amesema atatoka hivyo hivyo, kwa heshima ya nyumba. Sironka alikuwa amelifikiria jambo hilo miaka mingi.

"Hawezi kuniona," aliniambia. "Basi anisikie. Nitakuwa nyuma yake nikipiga ile yake mpaka afike kwa gari. Nilimwahidi akiwa mdogo."

Na mkono ulikuwa unaondoka. Nikamwambia kuna kijana wa kwaya anayeweza kufundishwa wimbo ule. Akakataa bila hasira.

"Huyo atapiga wimbo. Naserian anajua mkono yangu."

Kwa hivyo tukakubaliana arekodi mapema, wakati vidole bado vilikuwa na nguvu kidogo. Mimi ningemrekodia. Lakini dada yangu alifariki kule Illasit, alikokuwa ameolewa kwa wakulima wa nyanya, nikaenda kumzika na kukaa na watoto wake. Sironka hakutaka kungoja. Kila asubuhi alikuwa akijaribu mkono wake kabla hajanywa chai, na kila asubuhi alikuwa akipoteza kitu. Akachukua gita, prosesa na amplifaya yake, akaenda kanisani kwao siku ambayo hapakuwa na ibada, na dikoni anayeshughulikia miksa akamfungulia.

Alinipigia simu Illasit. "Imetoka, Mama Wanjiru. Hata dikoni amelia."

Nilifurahi. Niliwaambia hata waombolezaji, na mama mmoja ambaye hakujua gita ni nini akasema Mungu asifiwe.

Ile rekodi aliiweka kwenye flashi, akaifunga ndani ya kitambaa, akaiweka kwa sanduku lenye nguo ambazo angevaa siku ya harusi. Hakuisikiliza. Alisema akiisikiliza atapata makosa, na akipata makosa atataka kurudia, na mkono hauna kurudia. Miezi ikapita. Harusi ilipokaribia akaniletea flashi hiyo dukani ili niipime sauti yake na spika nitakazopeleka. Mkono wake wa kushoto wakati huo ulikuwa mfukoni mwa koti, na hakuutoa kunisalimu.

Nikavaa hedifoni, nikafungua. Nikasikia kitu kama ukiweka sikio kwenye tangi tupu la maji. Pumzi. Kitu kinapanda na kushuka mbali, nyuma ya ukuta. Nikangoja gita lianze. Halikuanza. Nikadhani ni lile sikio langu bovu, nikageuza hedifoni. Nikabadilisha nyingine. Yeye alikuwa amekaa kwenye benchi akiniangalia, anatabasamu.

"Ulichomeka wapi?" nikamwuliza.

Akaeleza kwa fahari, maana alikuwa amefikiri sana. "Hii ya kushoto ikaenda kwa amplifaya yangu, ndio nijisikie. Ya kulia sikugusa, si uliniambia itagawanya? Halafu nikaona hapa kuna shimo ingine imekaa bure." Akaonyesha tundu la hedifoni. "Nikatoa hapa nikapeleka kwa miksa."

"Na waya?"

"Ile mzuri ya kanisa. Huku jeki ya pete mbili, huku pini tatu. Iliingia vizuri kabisa."

Ndiyo, iliingia vizuri. Hilo ndilo baya la waya, zinaingia. Tundu la hedifoni linatoa sauti mbili kwenye jeki moja, ya sikio la kushoto na ya sikio la kulia, na hakuna iliyopinduliwa. Gita la Sironka lilikuwa limekaa katikati, maana yake lilikuwa lile lile kushoto na kulia. Waya ile ikapeleka kushoto kwenye uzi wa kwanza na kulia kwenye uzi wa pili, na miksa ikafanya kazi iliyoumbwa kufanya. Ikatoa kimoja kwa kingine. Kilichofanana kikafa. Gita lote likafa. Kilichobaki ni ule mwangwi uliokuwa umetawanyika pembeni, kwa sababu kushoto na kulia kwake havikulingana.

Na hawakujua, kwa sababu mle ndani amplifaya ilikuwa inaimba vizuri hadi dikoni akalia. Spika kubwa za kanisa walizizima zisiwasumbue. Dikoni aliangalia taa za miksa, na taa zilikuwa zinacheza. Taa hazina masikio.

Nilimweleza. Alisikiliza kama mtu anayeelezwa njia ya mji asioujua.

"Basi toa hiyo upepo, ibaki gita," akasema.

"Baba Naserian, gita haimo."

"Haimo aje na nilipiga?"

"Ilitolewa kabla haijaandikwa. Sina mahali pa kuitafuta."

Halafu akaomba hedifoni. Nilimvalisha mwenyewe kwa sababu mkono mmoja ulimshinda. Alifumba macho, na mkono wa kulia ukaanza kutembea kwenye paja, vidole vikichokoa suruali. Akasikiliza hadi mwisho. Katikati aliinua kidole.

"Hapo nilichelewa kidogo. Umeskia?"

Sikuwa nimesikia lolote.

"Wimbo iko," akasema akiwa amefumba macho. "Mimi naiskia yote."

Nilitoka nje nikasimama kwenye vumbi la barabara, nikalia nikijifanya natafuta mtu.

Nilijaribu kila nilichojua. Nikaipeleka kwa vijana wa studio Nairobi wenye kompyuta zinazoweza kutenganisha sauti ya mtu na ngoma, wakajaribu kwa moyo wote, wakaniambia kile kile nilichomwambia Sironka. Tukajaribu pia kurekodi upya pale dukani. Alikaa, nikamwekea gita mapajani, akaweka vidole juu ya nyuzi na vikakaa hapo vimelala. Alivisukuma kwa mkono wa kulia kimoja kimoja hadi mahali pake. Halafu hakuwa na mkono wa kupigia. Akaniambia nimwondolee gita.

"Usimwambie Naserian," akasema akiondoka. "Mimi ni babake. Nitamwambia siku nzuri."

Siku ya harusi nilipeleka spika mbili kwao, ng'ambo ya Isinya. Nilidhani ni za hotuba na kwaya. Kumbe Sironka alikuwa ameshaamua.

"Weka ile," akaniambia.

"Baba Naserian, hakuna mtu atasikia kitu."

"Yeye ataskia. Yeye anaijua."

Ningefanya nini? Harusi ni ya binti yake, wimbo ni wake, lango ni lake. Naserian akatoka nyumbani, amepakwa mafuta na rangi nyekundu, shanga zimemjaa kifuani, macho chini, anatembea hatua ndogo kuelekea garini. Nikafungua flashi. Ile pumzi ikatoka kwenye spika zangu juu ya boma lote. Jirani mmoja, mzee mwenye adabu, akaja akaniinamia.

"Mama, spika yako iko na shida."

"Si spika," nikamjibu, na nilimjibu vibaya.

Naserian alienda polepole kuliko nilivyowahi kuona bi harusi akienda. Mara moja alisimama kabisa, na wanawake wakashika vinywa. Lakini hakugeuka. Akafika kwa gari, akaingia, mlango ukafungwa. Mimi nikapunguza sauti, nikaanza kukunja waya zangu.

Sasa mnaelewa kwa nini nawachosha na maswali mkija na prosesa zenu. Mkitaka sauti iende kwa amplifaya na kwa miksa kwa pamoja, kuna njia. Kama prosesa ina pini tatu, hiyo iende kwa miksa na ya kushoto iende kwa amplifaya. Kama haina, tumieni kile kisanduku kidogo kinachochukua jeki ya gita na kutoa njia mbili, moja kwa amplifaya, moja kwa miksa. Kama hamna kisanduku, azimeni, kanisa la jirani litawapa. Kama hamwezi kuazima, bora mgawanye kushoto na kulia, mpoteze nusu ya mwangwi. Tundu la hedifoni ni la masikio. Na kabla mtu hajapiga noti ya maana, mmoja wenu aende kule mwisho, mahali sauti inapoandikwa, avae hedifoni asikilize kile kinachoandikwa, si kile kinachosikika chumbani. Arudishe nyuma asikilize tena. Mkiniona mkali kwa hili, nioneni tu.

Sironka hakuona mvua zilizofuata. Ule ugonjwa wa mkono ulipanda hadi kifuani, akawa anahema hata akikaa. Nilimtembelea, na hatukuzungumza juu ya wimbo. Nilidhani ile siku nzuri ilikuwa imepatikana, kwamba baba na binti walishaongea. Tulimzika kwake.

Baada ya mazishi Naserian alikuja kwangu Kitengela, peke yake. Nikampa chai. Hakuinywa.

"Mama Wanjiru, nataka kukuuliza kitu na usinifiche. Siku yangu ya kutoka, kwa nini Papa hakupiga?"

Nikaweka kikombe changu chini.

"Alikuwa ameniahidi nikiwa mdogo," akasema. "Nilitembea pole pole nikingoja. Nikasimama hata, nikasema labda ananingoja nisimame. Nikaskia tu upepo kwa spika zako. Basi nikajua hajapenda huyu mwanaume nimechagua. Sikumwuliza. Naye hakusema kitu. Tukakaa hivyo mpaka akaenda."

Siwezi kuwaeleza uzito wa maneno hayo kwa mtu aliyekuwa anajua. Nilimwambia yote. Nilimwambia mkono, kanisa, dikoni, tundu la hedifoni. Nilichora hata waya kwenye karatasi ya mkate, uzi wa kwanza na wa pili, kwa sababu nikiwa na hofu nachora. Hakuangalia mchoro.

"Hiyo upepo ilikuwa yeye?"

"Ilikuwa kilichobaki chake."

Aliponiuliza tena, hakuuliza juu ya waya.

"Alikuwa amesimama wapi?"

Nikakumbuka kwamba sisi sote tulikuwa tumeona, isipokuwa yeye.

"Nyuma yako, kwa lango. Alikuwa amevaa ile koti ya kijivu. Gita ilikuwa shingoni, haijaungwa mahali."

"Na mkono?"

"Ya kulia ilikuwa inapiga. Inapiga kabisa, nyuzi zinalia kidogo, lakini ukiwa mbali huwezi kusikia. Ya kushoto aliipandisha mwenyewe kwa shingo ya gita kabla hujatoka nyumbani."

"Vidole vilikuwa vinasonga?"

Nilitaka kusema ndiyo, vyote. Lakini kimya chetu kilikuwa kimemdanganya vya kutosha.

"Kimoja," nikasema. "Alikuwa anakisukuma na uso wake wote. Wengine walidhani analia."

Naserian akaweka mkono wake wa kushoto mezani, kiganja chini, vidole vimetawanyika.

"Nionyeshe ni gani."

Nikamgusa kile kinachofuata dole gumba. Akakikunja akakifunika na mkono wake wa kulia, akakishika hivyo, na chai ikapoa tukiwa tumekaa.